Mashine ya Kwanza ya Espresso ya Mkono: Mkulima wa Kahawa Achague Ipi?



Najua wengi mmenizoea kwa vitunguu na nyanya za umwagiliaji hapa Nyumba ya Mungu. Leo naongelea mashine ya kutengenezea kahawa. Tulia, utaona inavyoingia shambani.

Msimu uliopita kijana mmoja aliyekodi eneo la vitunguu huku chini, na kule Vudee kaachiwa shamba la kahawa na baba yake, aliniuliza: "Bwana shamba, hivi kahawa yetu ina ladha gani?" Alikuwa na magunia matatu anataka kuyakoboa, kuyakaanga na kuuza kwa jina lake mwenyewe. Nikakosa jibu. Miaka yote nafundisha kupogoa, kumenya na kuanika, lakini kikombe cha mkulima wangu sijawahi kukionja. Tunapima kilo, basi.

Kwa nini ya mkono?

Espresso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini. Presha inayotajwa sana ni bar 9. Mashine kubwa za hotelini hutumia pampu ya umeme. Hii inatumia mkono wako na pistoni. Achille Gaggia wa Milano ndiye aliyeifanya ijulikane, mwishoni mwa miaka ya 1940. Faida yake kwetu ni kwamba haifichi kitu. Kasoro ambayo kwenye kahawa ya kuchemsha na tangawizi huisikii, hapa inakupiga puani.

Aina mbili kuu

1. *Zenye boila ya umeme*, kama La Pavoni Europiccola ya Italia, iliyopo tangu 1961. Inachemsha maji yenyewe na kutoa mvuke wa kupasha maziwa.

2. *Zisizo na umeme kabisa*, kama Flair yenye mkono mmoja mrefu, au Cafelat Robot yenye mikono miwili unayoishusha pamoja. Maji unachemsha kwenye birika, unamimina, unasukuma.

Mimi nilianza na ya boila, iliyotumika. Nilikosea. Mvua ikaangusha nguzo, siku mbili sina umeme. Maji ya kisima changu yana chumvi, yakaacha magamba meupe ndani kama yale ya kwenye birika, ila birika unalikwangua na boila hulifikii. Mpira wa kuziba ulipochoka, nilizunguka Same na Moshi sikuupata. Nikaiuza kwa hasara, nikachukua isiyo na umeme. Hadi leo sijajuta.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

- *Kisagio kwanza.* Hapa ndo vijana wengi wanakosea. Mashine nzuri na kisagio kibovu ni kazi bure: maji yanapita kama bomba au hayapiti kabisa. Tenga hela ya kisagio kizuri cha mkono kabla hujagusa mashine.
- *Vipuri.* Agiza mipira ya akiba siku hiyohiyo unayoagiza mashine.
- *Chuma kipate moto.* Sehemu inayopokea maji ikiwa ya baridi, kahawa inatoka chachu na nyepesi. Ipashe kwanza kwa maji yanayochemka.
- *Mwinuko.* Nyuzi 90 hadi 96 zinatosha. Huku bwawani maji yanachemka kwenye nyuzi 97 au 98, hivyo subiri kidogo. Kwenye mita 1,500 yanachemka kama nyuzi 95. Mimina moja kwa moja.

Anza na gramu 18 za kahawa, upate gramu 36 kwenye kikombe kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka haraka, saga laini zaidi. Ikigoma, ongeza ukubwa wa chenga.

Siku tuliyoonja

Tulikaanga kilo moja ya yule kijana, tukaipumzisha wiki nzima. Kikombe cha kwanza kilinukia siki. Nikabadilisha usagaji, nikarudia. Siki. Akaniangalia. "Bwana shamba, si ulisema tuvundike saa 36?"

Kweli nilisema. Niliwapa saa, sikuwapa kipimo. Wiki ile kulikuwa na joto, utelezi ulishaisha mapema, yeye akasubiri saa zitimie kwa sababu afisa ndiye alisema. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo shika hili: chukua kahawa kiganjani, isuuze, isugue. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, osha hapohapo hata kama ni saa 20 tu zimepita.

Magunia yake mawili yalitoka kwenye mtungo uleule. Hakuyakaanga, aliyauza kwa bei ya chini bila kuweka jina lake. La tatu, la mchumo mwingine, lilitoa kikombe kitamu, na ndilo alilobaki nalo. Kabla hajaanza kufungasha nimemwelekeza apite Bodi ya Kahawa pale Moshi aulizie leseni.

Je, kila mkulima anunue? Hapana. Wakulima kumi wanaweza kuchangia mashine moja na kisagio kimoja, mkaonja kila mchumo kabla haujachanganywa. Msimu huu napanda nayo Vudee, na nitaanza kwa kuwaambia wote lile kosa la saa 36.

Kazi njema shambani.