Kumpiga Picha Koa wa Baharini Kwenye Maji ya Tope

Dereva anayeteremka vilima vya Gashoho, Muyinga, asubuhi yenye ukungu anajua kwamba akiwasha taa kali haoni njia: mwanga unagonga matone na kumrudia machoni. Picha nyingi za chini ya bahari huharibika vivyo hivyo. Masika, mto Sabaki unapomwaga udongo karibu na Malindi, mpiga mbizi anampata koa wa kupendeza, kisha picha inatoka imejaa madoa meupe. Ni chembe za tope zilizomulikwa na flashi iliyokaa karibu mno na lenzi.

Dawa ni kupunguza maji yaliyo kati ya lenzi na mnyama. Koa wengi hawafiki urefu wa kidole, wengine ni milimita chache tu, basi kwa lenzi ya vitu vidogo unaweza kumsogelea hadi sentimita kumi. Kwa ukaribu huo hata bahari iliyochafuka hutoa picha safi. Flashi iweke pembeni, mwanga upite ubavuni mwa koa bila kumulika maji yaliyo mbele ya lenzi. Kuiacha si suluhisho, kwani maji humeza wekundu kwanza, na kina kikizidi koa mwekundu huonekana wa kijivu. Lenga pembe mbili za kichwani, anazonusia. Hizo zikififia, picha haifai, hata matamvua ya mgongoni yaonekane vizuri namna gani.

Tope jingine tunalitibua wenyewe. Pezi likigusa mchanga mara moja tu, kazi imeharibika. Inua miguu, utazame unakotoka mkondo ili vumbi lichukuliwe nyuma yako. Mimi huchagua siku za maji mafu, bahari ikijaa. Bamvua huvuruga kila kitu.

Koa mtafute kwenye chakula chake: sifongo, au penye utepe wa mayai uliojizungusha mwambani. Tafadhali usimng'oe ili umweke penye mandhari nzuri zaidi. Wengi wao hula aina chache mno za viumbe, na ukimhamisha unamwachisha chakula.

Sir Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki hadi 1904, aliwachunguza koa wa Zanzibar na pwani hii kwa bidii kubwa. Mwaka huohuo wa 1904 alimwelezea kitaalamu koa aitwaye Halgerda wasinensis, anayebeba jina la kisiwa cha Wasini. Shida ya wataalamu wa zama zile ni kwamba koa akihifadhiwa kwenye spiriti rangi hupotea, na rangi ndiyo humtambulisha upesi. Picha ya koa aliye hai inaziba pengo hilo. Kwa hiyo kila unapopiga, andika tarehe, mahali, kina cha maji na alichokuwa anakula, kisha uwapelekee watafiti wa bahari walio karibu nawe.