Intavyuu ya umeneja mradi wa ujenzi: usiende kichwa kichwa



Niseme mapema: mimi nimeishia kidato cha nne, uinjinia sikusoma. Ila bro wangu, mtoto wa baba mkubwa, ni injinia wa ujenzi, kakaa saiti zaidi ya miaka 10. Mwaka jana aliitwa intavyuu ya umeneja mradi kwenye kampuni moja hapa Tanga, akakosa. Sasa kaitwa kwingine, na mkataba wake wa sasa unaisha mwezi ujao, ana watoto watatu. Wiki nzima tumekaa barazani kwake Ngamiani, mimi najifanya bosi nauliza, yeye anajibu. Nimeona nisikae na haya peke yangu.

Kilichomwangusha ni swali moja: "Mradi umechelewa wiki 6 na masika imeanza, utafanyaje?" Akajibu, "Nitawahimiza vijana waongeze bidii." Wadau, hilo ni jibu la nyapara! Meneja anatakiwa aonyeshe anavyofikiri kuhusu muda, pesa, ubora na usalama, maana ukivuta kimoja, vingine navyo vinasogea.

Haya ndiyo tuliyojipanga nayo:

1. Ujue mradi na mahali. Huwezi kuomba kazi Tanga hujui kinachojengwa Tanga. Upanuzi wa bandari yetu uligharimu shilingi bilioni 429.1, gati zikawa na urefu wa mita 450, na mlango wa meli ukachimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa kwa matishari. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, ni kilomita 1,443, na 1,147 ziko kwetu hadi Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Sio ukariri tu, ujue kwa nini mradi upo na nani anausubiri.

2. Swali la kuchelewa. Kwanza tafuta chanzo: mvua, vifaa, michoro au malipo? Pili, angalia ni kazi zipi zikikwama zinasogeza tarehe ya mwisho, hizo ndizo za kuongezea watu na mitambo. Tatu, soma mkataba. Kwenye mikataba ya FIDIC, mkandarasi anayetaka kudai muda au pesa za ziada anatoa taarifa ndani ya siku 28 tangu ajue tatizo. Ukilala, haki yako imekwenda. Na huku pwani masika ni Machi mpaka Mei, kila mwaka ipo. Meneja anayepanga kuchimba misingi Aprili halafu anashangaa mvua, ana kesi ya kujibu.

3. Ubora. Zege linapimwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Wakikuuliza, "Majibu ya siku ya 28 yako chini, utafanyaje?" usiseme utaficha wala utabomoa papo hapo. Simamisha kazi inayokaa juu yake, mjulishe mshauri, pimeni zege lenyewe pale lilipo, ndipo muamue. Halafu taja chumvi ya bahari: nondo ikifunikwa na zege jembamba huku kwetu inakula kutu upesi.

4. Usalama na makaratasi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, OSHA ndio wasimamizi. Wahandisi wanasajiliwa ERB, makandarasi CRB kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 7. Kama wewe ni injinia, cheti cha ERB kiwe hai kabla hujaitwa, usianze kukitafuta siku ile.

5. Simulia kwa namba. Hapa ndipo wengi wetu tunaangukia. Bro alikuwa anasema "nilisimamia jengo kubwa". Kubwa kiasi gani? Ghorofa ngapi, vibarua wangapi, shilingi ngapi, liliisha kwa wakati? Nilipombana akakumbuka kila kitu. Andaa visa vitatu vya kweli, kimoja kiwe cha kosa lako mwenyewe na ulivyolirekebisha. Usidanganye, wanaokuhoji nao wamekaa saiti.

Huwa tunalalamika kwamba nafasi za juu zinachukuliwa na wageni. Malalamiko mengine ni ya haki. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu mwenye kazi yote kichwani anakosa nafasi kwa kushindwa kuisema kwa dakika 5. Hilo tunaweza kulirekebisha wenyewe, barazani, bila hata senti.

Intavyuu yenyewe ni Jumanne. Akipata au akikosa, nitawaletea habari hapa hapa. Mainjinia mliopitia chumba hicho, mlibanwa na swali gani? Tupeni hapo chini, kuna wadogo zenu wanasoma.

Nawakilisha.