Kazi iko wapi? Maneno kwa anayetafuta na kwa anayeajiri



Juma lililopita, siku ya soko, binti mmoja wa hapa Luvungi alikuja kutuona na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na fotokopi ya diploma ya Leta, cheti cha kuzaliwa, picha mbili na barua ya kuomba kazi. Alikuwa na swali moja tu: kuna njia gani ya kurudisha dola 50? Bwana mmoja alimwambia kwamba shirika fulani linaandika watu Uvira, na kwamba jina lake litawekwa juu ya orodha kama atatoa "pesa ya dosie." Alitoa. Tangu siku hiyo simu ya yule bwana haiiti tena. Pesa zenyewe hazikuwa za binti. Mama yake alizitoa kwenye likelemba, zamu aliyoingoja miezi minane.

Hatukuwa na jibu zuri la kumpa. Lakini tuliona kwamba haifai kunyamaza, kwa sababu mwaka wa shule umekwisha na vijana wengine wengi watatoka na bahasha kama ile.

Kazi za zamani na kazi za sasa

Wazee wetu walijua kazi ilikuwa wapi. Wengine walilima pamba katika bonde la Ruzizi, wengine walikwenda kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba. Vita vya miaka ya 1990 vilipokuja, kiwanda kikasimama. Baadaye yakaja mashirika ya misaada na askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi mtoto akimaliza masomo, mzazi alimwombea mambo mawili: Leta au ONG.

Sasa na hayo yanabadilika. Tarehe 28 Februari 2024 MONUSCO ilikabidhi kambi yake ya Kamanyola, jirani zetu kabisa, kwa polisi wa Kongo, na mwishoni mwa mwezi wa sita ikamaliza kuondoka Kivu ya Kusini. Kila kambi inapofungwa, wanaosikia si askari tu. Anayetafsiri anasikia, anayefagia anasikia, na mama aliyezoea kuuza ndizi na mayai karibu na mlango anasikia pia. Miradi ya ONG nayo ina mwanzo na mwisho: miezi sita, mwaka mmoja, kisha bendera inashushwa na gari linaondoka.

Upande wa Leta, sisi walimu tunaujua vizuri. Tulipotoka ISP na diploma yetu tulidhani mshahara unatungoja. Tulifundisha miaka mitatu bila matrikule, tukiishi kwa prime ya wazazi, na kuna miezi ambayo prime haikufika. Tuliuza ndagala kutoka Uvira baada ya masomo. Siku ya kwanza tulificha beseni nyuma ya nyumba wanafunzi wasilione. Mwisho wa mwezi ndagala ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, na tangu siku hiyo beseni likakaa mbele ya mlango.

Tunasema haya si kwa kuvunja moyo mtu. Kazi zipo, lakini hazipo mahali tulipozoea kuzitazama. Ziko kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu, kwenye famasi, kwenye shule za watu binafsi, kwa mafundi wa sola na wa pikipiki, kwenye mashamba ya mchele ya Kiringye na Luberizi. Wengi wa waajiri hao ni watu tunaowajua kwa jina. Ndiyo maana tunataka kuzungumza na pande mbili.

Kwa wewe unayetafuta

Jambo la kwanza: usilipe ili upewe kazi. Shirika la kweli linatangaza kwa wazi, kwenye valve ya ofisi yake, kwenye redio au kwenye intaneti, na tangazo linasema dosie inapelekwa wapi na kabla ya siku gani. Mtu akikuambia "ni siri, usimwambie mwingine," hapo uogope. Kabla ya kutoa hata franka moja ya usafiri, tuma ndugu aliye Uvira au Bukavu aende kwenye ofisi yenyewe aulize. Uliza pia ofisi ya kazi ya Leta, ONEM, iliyowekwa na sheria ya kazi ya 2002 kwa kusaidia wanaotafuta. Mashirika mengi yanaomba karte ya ONEM katika dosie, kwa hiyo itafute mapema.

Na mtu akikuomba mwili wako ili akupe kazi, ujue kwamba hilo ni kosa la jinai katika nchi yetu tangu sheria ya 20 Julai 2006. Usibaki nalo peke yako. Mwambie mama yako, au njoo kwetu. Hakuna atakayekuuliza ulivaa nini.

Jambo la pili: andika yale uliyoyafanya kweli. Tulipofungua CV ya yule binti, chini ya "ujuzi wa kazi" aliandika: hakuna. Tukamwuliza, daftari ya pesa ya kwaya inashikwa na nani? Akasema, "Ni mimi, mwaka wa tatu sasa." Je, pesa imekwisha kupotea? "Hapana." Basi huo ni ujuzi! Kuna wenye diploma ya biashara ambao hawajashika sanduku la watu hata siku moja. Aliyepima mchele wa mama yake sokoni, aliyefundisha watoto wa jirani kusoma, aliyeandika majina ya wagonjwa siku za chanjo, aandike hayo, na aweke jina la mtu anayeweza kushuhudia. Lakini usiandike usichokijua. Ukisema unajua kompyuta, siku ya mtihani watakuketisha mbele yake.

Barua isipite ukurasa mmoja. Sema unaomba kazi gani, unaweza kufanya nini, unapatikana kwa namba ipi. Namba iwe yako, si ya shemeji anayesafiri kila juma.

Jambo la tatu: ongeza ufundi juu ya diploma. INPP, taasisi ya Leta ya kufundisha kazi iliyoanzishwa 1964, iko Bukavu, na inafundisha ushonaji, umeme, mekanika, kompyuta na mengine. Asiyeweza kwenda Bukavu anaweza kujifunza hapa hapa kwa fundi. Ila patana naye kabla: utajifunza miezi mingapi, nani analeta vifaa, na lini utaanza kupata kitu. Tumeona vijana wanaofagia karakana miaka miwili na hawajashika funguo.

Kwa wewe unayeajiri

Labda unasema, "Mimi si mwajiri, nina kijana mmoja tu wa kunisaidia." Mama, kama kuna mtu anaamka asubuhi kwa ajili ya kazi yako na anangoja mshahara kwako, wewe ni mwajiri.

Tutatoa mfano mmoja, bila jina. Mama mmoja alinunua mashine ya kukoboa mpunga na akamchukua mtoto wa dada yake aishughulikie. Hawakuandika kitu, kwa sababu ni damu moja. Baada ya miezi mitano kijana aliomba mshahara wake wote. Mama akajibu kwamba amekuwa akila na kulala nyumbani kwake, na kwamba kuna magunia mawili ambayo hesabu yake haionekani. Kila mmoja alikuwa na haki kidogo. Leo dada wawili wanapita njia moja bila kusalimiana, na mashine inaendeshwa na mgeni. Karatasi moja ingeweza kuokoa undugu ule.

Basi sheria inasema nini? Mkataba wa kazi uandikwe. Na kama haukuandikwa, usidhani mfanyakazi hana haki: sheria inauhesabu kuwa mkataba usio na mwisho, mpaka ionekane vinginevyo. Muda wa kumjaribu mtu nao lazima uandikwe, na usipite mwezi mmoja kwa kazi isiyohitaji ufundi, wala miezi sita kwa kazi nyingine. Saa za kazi zisipite 9 kwa siku na 45 kwa juma, na kila juma apumzike angalau saa 24 mfululizo. Ukitaka kumwondoa mtu wa mkataba usio na mwisho, mpe taarifa ya siku 14 za kazi, na uongeze siku 7 kwa kila mwaka aliokufanyia. Akiondoka, mwandikie cheti kinachoonyesha alianza lini, aliacha lini na alifanya kazi gani. Kwako ni dakika kumi. Kwake ni mlango wa kazi inayofuata.

Juu ya wanawake, tusikilize vizuri, kwa sababu mara nyingi ni sisi wamama tunaowafukuza wamama wenzetu. Mimba si sababu ya kumkatalia mtu kazi wala kumwondoa. Anayejifungua ana haki ya majuma 14 ya pumziko na theluthi mbili za mshahara wake. Akirudi na mtoto anayenyonya, apewe nusu saa mara mbili kwa siku ya kumnyonyesha. Tunajua kwamba kwa mama mwenye famasi ndogo hayo ni mzigo. Ndiyo maana yafaa kuyapanga mapema, kwa mfano kutafuta binti wa kushika nafasi kwa muda, na hapo mwingine naye anapata ujuzi wa kuandika kwenye CV yake.

Katika kuchagua, usitazame kabila, kanisa wala sura. Mpe mtu kazi ndogo mbele yako. Kama ni wa mashine, apime gunia na aandike hesabu. Kama ni wa shule, afundishe somo moja la dakika ishirini. Na kama unamchukua ndugu yako, mjaribu kama mgeni na umlipe kama mgeni. Chakula unachompa kwa undugu usikikate baadaye kwenye mshahara.

Neno kwa wenye nyumba

Bado tunasikia wababa wanaosema mke hawezi kusaini kazi bila ruhusa yao. Kanuni ya familia ya 1987 ilikuwa hivyo. Lakini tarehe 15 Julai 2016 ilibadilishwa: sasa mume na mke wanapaswa kupatana juu ya ahadi kama hizo, yeye kwa mkewe na mke kwa mumewe. Ruhusa ya upande mmoja imekwisha. Kuna mazungumzo ya watu wawili. Wababa wetu, mama akipata kazi, anayerudi jioni amechoka si yeye peke yake anayejua kuwasha makaa.

Tutafanya nini?

Kuanzia juma hili, kila Jumatano saa nane mchana, walimu watatu wa shirika letu tutakaa mahali pa mkutano wetu wa kawaida. Anayetafuta kazi alete barua yake, tutaisoma pamoja na kuisahihisha. Anayeajiri alete daftari, tutamsaidia kuandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kifaransa. Hatulipishi. Leta kalamu yako tu, kwa sababu zetu hupotea.

Yule binti alirudi jana. Dola 50 hazijarudi, na mama yake hatapokea zamu nyingine mpaka mwakani. Walikwenda pamoja kumwona mkubwa wa kartie ili jina la yule bwana lijulikane na wengine wasianguke. CV yake sasa ina mstari mpya juu ya daftari ya kwaya. Ameiacha kwenye famasi mbili na shule moja, na katika famasi ya pili walimwambia apite Jumatatu, wamwone akihesabu.