Pareto, Sindano ya Ganzi na Njia ya Maumivu

Yeyote apitaye Molo, Mau Narok au Njoro aghalabu huyaona maua meupe ya pareto, mmea uliotoka pwani ya Dalmatia huko Ulaya ukaanza kupandwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, hata Nakuru ikawa makao ya kiwanda chake. Lakini ni wachache watambuao kwamba dawa ya ua hilo humwua mdudu kwa kuvuruga kitu kile kile kinachopitisha maumivu katika mwili wa binadamu.

Mshipa wa fahamu hupeleka habari kwa umeme, nao umeme huo huzaliwa pale vijilango vidogo mno vilivyo katika utando wake vinapofunguka, chembe za sodiamu zikaingia, kisha vikafungika upesi. Pareto huvizuia visifungike, basi mishipa ya mdudu husisimka bila ya kukoma, hata akatetemeka, akapooza, akafa. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno hufanya kinyume chake: huvizuia visifunguke, habari ikakatika njiani. Mkulima achumaye pareto husalimika kwa kuwa vijilango vyake haviathiriki kwa wepesi kama vya mdudu, na mwili wake huivunja sumu hiyo kwa haraka.

Sasa mtu na aguse sufuria iliyo motoni. Ncha za mishipa zilizotapakaa ngozini hushtuka joto likipita kadiri ya nyuzi 43 za Selsiasi, na habari ikaondoka kwa njia mbili: mishipa yenye ala nyembamba ya mafuta huikimbiza kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, nao ndio mchomo wa ghafula, na ile isiyo na ala, iendayo chini ya mita 2 kwa sekunde, huleta baadaye uchungu wa kufukuta. Mkono huwa umekwisha kuondoka, maana uti wa mgongo hutoa amri hiyo pasipo kungoja shauri la ubongo.

Wala uti wa mgongo haupitishi kila uletewacho. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso huweza kuzibana humo habari za maumivu, ndiyo sababu aliyejigonga goti hulisugua akapata nafuu. Ubongo nao huteremsha amri zake: mwaka 1975 watafiti John Hughes na Hans Kosterlitz, katika mji wa Aberdeen, walibainisha kwamba ubongo hujitengenezea vitulizo vitendavyo kazi mfano wa afyuni, ilhali hofu na kukosa usingizi huyazidisha maumivu.

Kwa hiyo maumivu si mizani ya jeraha. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi aweza kukanyaga msumari asijue, na mwingine akaumwa miezi mingi baada ya kidonda kupona, kwa kuwa mishipa yake imezoea kusisimka. Huyu wa pili astahiki kusadikiwa na kutibiwa, hata kama hana alama ya kuonyesha; na yule wa kwanza imempasa azikague nyayo zake kila siku kwa macho, maadamu mishipa haimpi tena habari.