Kuchagua Mbwa wa Mbio

Wasikilizaji wetu wa Kwaluguru, na kote Handeni na Korogwe, kuku na mbuzi huzunguka uani mwetu; basi atakaye mbwa na achague kwa akili. Mbwa wengi huwinda kwa pua. Wengine, kama saluki wa Arabuni na greihaundi wa Uingereza, huwinda kwa macho. Greihaundi hukimbia kilometa 60 na zaidi kwa saa.

Chotara wa damu hiyo twamtambua kwa kichwa chembamba, kifua kilichoshuka, tumbo jembamba na miguu mirefu. Nyumbani huwa mpole, apendaye kulala. Lakini kitu kikikimbia mbele yake hukifukuza, wala hasikii mwito. Hapo ndipo kuku wa jirani huangamia, na ugomvi huzaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumchukua, na tumjaribu mbele ya kuku, amefungwa kamba. Mtoto wa mbwa na akue pamoja na mifugo, ingawa malezi hayaondoi asili yote. Tena tusisahau chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani dalili zikisha kumtokea mtu, ni nadra sana kupona. Mbwa mwema ni yule ambaye hata jirani humfurahia.