Je, Wajua? Nyuki Mwashi Hutambulika kwa Tumbo

Si kila nyuki huishi mzingani. Nyuki mwashi jike hujenga peke yake, kwa udongo au utomvu wa miti, mara nyingi ndani ya tundu alilolikuta tayari. Kuta za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko za Mji Mkongwe wa Lamu ni mahali pazuri pa kumtafuta.

Ukimpiga picha, usiridhike na mgongo. Nyuki wa asali hubeba chavua kwenye miguu ya nyuma. Nyuki mwashi huibeba kwenye nywele nene chini ya tumbo, na akitoka mauani sehemu hiyo huwa imejaa vumbi la manjano. Hiyo ndiyo alama ya kuanzia. Nyuki mkata-majani, jamaa yake wa karibu, hubeba vivyo hivyo, basi tazama pia kilichomo mdomoni: donge la udongo au kipande cha jani? Mabawa nayo yahesabiwe: nyuki ana manne, nzi anayemwigiza ana mawili. Kiota cha udongo pekee hakitoshi, maana wapo nyigu wanaojenga hivyo na kujaza buibui au viwavi.

Mara nyingi picha hufikisha kwenye jenasi tu. Spishi huhitaji nyuki mwenyewe chini ya hadubini.

Kabla ya kuziba tundu ukutani, piga picha za uso, ubavu, mabawa na tumbo, kisha andika mahali na tarehe.