MATEMBEZI YA SIKU MBILI: BONDE LA LUKULEDI NA MSITU WA RONDO

Wengi wetu tukaao Mtama twaijua barabara itokayo Lindi kwenda Masasi kuliko tuujuavyo mto wetu na mlima wetu. Mtu hupita garini, akaona vumbi na mikorosho, akasema nchi hii haina la kutazama. Mimi nami nalikuwa mmoja wao, hata likizo ya Agosti mwaka jana nilipomwomba mzee mmoja wa Kimwera, mrina asali tangu ujana wake, anitembeze.

Siku ya kwanza tulishuka bonde la Lukuledi alfajiri. Mto huu waanzia bara upande wa Masasi, ukapita kati ya nchi mbili zilizoinuka, Makonde kusini na Rondo kaskazini, hata ukamwagika baharini katika hori ya Lindi. Mwezi wa Agosti maji ni haba. Palikuwa na mchanga mweupe, matete, nyasi zilizojaa umande hata nguo zetu zikalowa magotini, na bustani za mboga ambazo akina mama walikuwa wakizimwagilia kwa ndoo. Yangeyange walisimama penye madimbwi kama watu wangojao habari. Nilipotaka kunawa uso penye kina, mzee alinishika mkono. "Mwalimu," akasema, "mamba hakai pale unapomwona."

Bonde hili limeona na mambo mengine. Tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, jeshi la Waingereza, ambamo askari wa Nigeria walikuwa wengi, lilipigana na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika vilevile. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita ile ni wengi mno, na aghalabu majina yao hayakuandikwa popote. Tulipita pale kimya.

Kesho yake pikipiki ilitufikisha chini ya mteremko wa Rondo, tukapanda kwa miguu. Kwanza ni pori la miombo, kavu, majani yameanguka, na hapa na pale mpingo mmoja uliopinda. Kisha, ukiisha kupanda sana, hewa yabadilika. Rondo yakaribia kimo cha mita 900 juu ya bahari, nayo hupokea upepo wa baharini na ukungu wake. Kwa hiyo msitu wake hubaki mbichi wakati nchi ya chini imekauka. Wataalamu hudhani kwamba misitu ya pwani yetu ni masalio ya msitu mkubwa uliokuwa zamani sana umeungana na ule wa Kongo. Ulipokatika, viumbe vilivyobaki huku vilikaa peke yao muda mrefu mno, ndiyo sababu iko miti na wanyama wasioonekana pengine ulimwenguni.

Mmoja wao ni komba wa Rondo. Uzito wake ni gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote, na mkia wake ni kama brashi ya kusugulia chupa. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1997 tu, ingawa warina asali walimjua siku zote. Yuko pia katika misitu michache mingine ya pwani, hata Pugu karibu na Dar es Salaam, lakini yote ni vipande vidogo, naye ametiwa katika hesabu ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Nalidhani nitaona mivule mikubwa. Niliona visiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili mivule ya Rondo ilikatwa kwa wingi ikauzwa mbao, na mahali pengi pakapandwa misaji na misonobari iliyosimama safu safu. Mzee hakuipenda. Alisema nyuki hapati kitu humo.

Ukingoni mwa msitu tulimkuta mjukuu wake akifyeka. "Shikamoo, babu. Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Wafyeka ya nini?" "Ufuta, babu." Nami sikuweza kumlaumu upesi, maana ufuta una bei nzuri siku hizi, naye ana mtoto wa kusomesha. Shamba jipya huzaa sana mwaka wa kwanza na wa pili. Mzee alimweleza lile asilofundishwa shuleni: udongo wa juu ni wa mchanga, hunywa mvua yote, na maji yale hushuka chini taratibu yakatokea chemchemi miguuni mwa mlima, ndiko mama yake achotako. Msitu ukiondoka, mvua hukimbia na udongo. Kijana alisikiliza, akajibu, "Babu, ada haingoji chemchemi."

Basi mzee akampa shamba lake mwenyewe lililopumzishwa miaka mitano, na mizinga minne juu yake. Kijana hakusema ndiyo wala siyo.

Jua lilipotua tulikaa chini ya mti. Mara ikasikika sauti nyembamba juu, kisha ya pili ikaijibu. Mzee aliinua kidole. Sikumwona mnyama, nilisikia tu.

Januari mvua ilipokuwa imeshika nalirudi. Ufuta ulikuwa umeota katika shamba la babu, mistari mizuri. Pale ukingoni mwa msitu, nusu ya kile alichokifyeka kilikuwa kimechomwa na kupandwa. Nusu nyingine imeachwa, na machipukizi yamefika kiunoni. Mizinga yote minne ilikuwa imetundikwa upande ule.